Oili kwenye visima vya plagi: namna ya kubadilisha mirija na sili zake kwenye Altezza na magari mengine ya spoti

Kijana mmoja aliniletea Toyota Altezza RS200 iliyokuwa ikimisi kila inapopanda mlima, na kwenye kiti cha nyuma alikuwa amebeba koili mbili, vile vifaa vinavyoipa plagi umeme wa cheche, ambazo hazikuwa zimemaliza hata mwaka. Mafundi wawili kwa nyakati tofauti walikuwa wamemwambia kwamba koili ya silinda ya 3 imekufa, na wote wawili walisema kweli, ila hakuna aliyemwambia ni kitu gani kinaziua. Nilipoivuta ile iliyokuwa imefungwa wakati huo, mguu wake wa mpira ulitoka ukiwa umevimba na unadondosha oili, na nilipomulika tochi ndani ya kisima niliona dimbwi jeusi lililokwishafunika nusu ya plagi. Chanzo kikubwa cha gharama zile kilikuwa pete moja ya mpira ambayo bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na koili. Magari haya ni mengi katika barabara za Mwanza, yanazidi kuzeeka, na mengi yanaelekea kwenye tatizo hilohilo, kwa hiyo nimeona niieleze kazi hii kwa ukamilifu, pamoja na zile sehemu ambazo watu huziruka kwa haraka ya kumaliza.

Mrija wa plagi unafanya nini

Kwenye injini yenye kemshafti mbili juu ya silinda hedi, plagi hukaa katikati ya silinda, chini kabisa, kati ya kemshafti inayofungua valvu za kuingiza hewa na ile inayofungua valvu za kutoa moshi. Eneo hilo lote hulowa oili wakati injini inazunguka, ilhali plagi na koili vinahitaji mahali pakavu. Ndiyo maana plagi hujengewa kisima chake: mrija unaosimama kutoka kwenye silinda hedi, ukapita katikati ya oili, hadi kwenye tapeti kava, yaani kifuniko cha juu ya silinda hedi. Chini mrija huzibwa pale unapoingia kwenye silinda hedi, na juu huzibwa na sili ya mpira iliyopachikwa kwenye tapeti kava. Basi mahali pa kuvuja ni pawili tu, juu na chini, na kazi yote inayofuata inategemea kama umejua ni papi.

Muundo wenyewe hutofautiana. Kwenye injini nyingi za Toyota za kemshafti mbili, mirija ni ya chuma na imeshindiliwa kwenye silinda hedi ya alumini pamoja na gundi ya kuziba, na sili zake ziko kwenye tapeti kava. Kwenye injini ya Porsche ya silinda 6 zilizolala, ile inayoitwa M96 iliyofungwa kwenye Boxster ya kwanza na kwenye 911 ya aina ya 996, mirija ni ya plastiki, ina oringi (pete za mpira) mbili kila mmoja, na huchomolewa kwa nje bila kugusa kava la kemshafti. Upo pia muundo unaomuudhi fundi, kama ule wa injini ya Nissan VQ35DE inayopatikana kwenye Fairlady Z, ambapo sili zimeunganishwa na tapeti kava kiwandani, na kiwanda kinakutaka ununue kava zima, ingawa wapo watengenezaji wengine wa spea wanaouza sili peke yake. Jua gari lako liko kundi gani kabla hujafungua boliti ya kwanza.

Mpira wa sili hauchakai kwa umri peke yake. Joto huukausha hadi ukawa mgumu kama plastiki, na injini ya spoti ina joto jingi: ile 3S-GE ya Altezza RS200 ya gia za kubadilisha kwa mkono, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,998, hufikia nguvu yake ya juu kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika. Sababu ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayosahaulika kuliko zote, ni shinikizo la gesi ndani ya injini. Gesi inayopenya kwenye ringi za pistoni inatakiwa ivutwe na kurudishwa kwenye njia ya hewa kupitia valvu ya PCV. Valvu hiyo ikiziba kwa masizi, gesi hukosa njia, shinikizo hupanda, na oili husukumwa kupita popote palipo dhaifu. Ukibadilisha sili ukaiacha valvu iliyoziba, umebadilisha sili kwa miezi michache tu.

Kutafuta oili inatoka wapi

Dalili ya kwanza kwa kawaida ni kumisi wakati injini inapobebeshwa mzigo, taa ya injini kuwaka, na mashine ya kusoma kodi za hitilafu kuonyesha P0300 au mojawapo ya P0301 hadi P0304, ambapo tarakimu ya mwisho hutaja silinda husika. Kodi hizo hazisemi kwamba koili ni mbovu. Zinasema kwamba mafuta kwenye silinda hayakuungua inavyostahili, na kuanzia hapo ni juu yako kutafuta sababu.

Zima injini na uiache ipoe mpaka uweze kuweka kiganja juu ya tapeti kava bila kuhisi moto. Ondoa waya hasi wa betri, fungua koili zote, na umulike kila kisima kwa tochi. Usiishie kwenye silinda inayomisi, kwa sababu sili zote zina umri mmoja, na ile iliyo kavu leo inaweza kulowa mwezi ujao.

Oili iliyopita kwenye sili ya juu huacha michirizi kwenye ukuta wa ndani wa mrija, kuanzia ukingoni kuelekea chini, na mara nyingi shingo ya koili nayo huwa imelowa. Oili inayopenya kwenye kitako cha mrija huacha ukuta ukiwa mkavu na dimbwi likiwa limeizunguka plagi. Dimbwi likishakuwa kubwa ushahidi huo hupotea, na hapo hakuna njia ya mkato: nyonya oili yote, safisha, kausha, rudisha koili, endesha gari siku mbili au tatu, kisha fungua tena uangalie imeanzia wapi. Wateja wengi hawapendi kusubiri siku hizo, lakini ndizo zinazokuepusha na kufungua injini mara mbili.

Angalia pia kwamba kilichomo kweli ni oili. Magari yanayooshwa injini kwa pampu ya maji yenye nguvu, jambo la kawaida sana hapa kwetu, hukusanya maji kwenye visima hivyo, na maji huacha kutu na ukoko mweupe juu ya plagi. Ukikuta masizi makavu meusi yakipanda kutoka kwenye kitako cha plagi, hapo plagi imelegea na gesi ya moto inapita kwenye nyuzi zake za kufungia. Hali zote mbili haziponywi kwa kubadilisha sili.

Vifaa na spea

Utahitaji raketi yenye ekstensheni ndefu, soketi ya 10 kwa boliti za koili na za tapeti kava, soketi ya plagi ya 16 yenye mpira au sumaku ndani, spana ya torki inayosoma vipimo vidogo, bomba la sindano lenye mpira mwembamba wa kunyonyea oili, bisibisi bapa, kipande cha mbao laini, verniya ya kupimia vipenyo na urefu, dawa ya kusafishia breki, na matambara safi yasiyotoa nyuzi. Kompresa ya hewa inasaidia sana, na ukiitumia vaa miwani.

Nunua sili zote kwa pamoja, gasketi ya tapeti kava, valvu ya PCV na mpira wake, na washa za mpira za boliti za kava kama injini yako inazo. Kuhusu ubora wa sili sina unyenyekevu: nunua ya kiwandani au ya mtengenezaji anayejulikana. Mpira wa kawaida wa naitrili huanza kukauka haraka ukikaa muda mrefu kwenye joto la nyuzi 100 hadi 120 za Selsiasi, wakati mpira wa aina ya vitoni hustahimili takriban nyuzi 200, na kwa macho hizo mbili zinaweza kufanana kabisa. Dukani, ibinye sili kwa vidole uone kama inarudi haraka, angalia kama mdomo wake wa ndani hauna mabaki ya kalibu, na linganisha kipenyo chake na cha ile ya zamani kwa verniya. Ikinuka vikali kama tairi jipya na ikiwa ngumu kabla hata haijafungwa, irudishe.

Kusafisha kabla ya kufungua

Naomba msomaji asiipite sehemu hii haraka. Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, vumbi la Mwanza huingia kila mahali, na mchana upepo wa kutoka ziwani hulipeperusha zaidi. Gereji zetu nyingi ni za wazi, kwa hiyo mimi hupanga kazi ya kufungua tapeti kava asubuhi, kabla upepo haujaamka, na ardhi huinyunyizia maji kwanza. Anayefanyia kazi karibu na ufuko asijaribu kumalizia usiku chini ya taa, kwa maana wadudu wadogo wa ziwani hufuata mwanga kwa makundi, nao wakianguka kwenye silinda hedi iliyo wazi huwezi kuwatoa wote.

Puliza hewa kuzunguka koili na kingo za tapeti kava kabla ya kulegeza kitu chochote. Baada ya kutoa koili, nyonya oili kwenye visima kwa bomba la sindano, kisha funga tambara kwenye kijiti na ufute mpaka litoke safi, ndipo unyunyize dawa ya breki kidogo na kuinyonya tena. Fanya haya yote plagi zikiwa bado zimekazwa mahali pake. Plagi ikifunguliwa kisima kikiwa na oili, oili hiyo na mchanga uliomo ndani yake huteremka moja kwa moja kwenye silinda, na ukiwasha gari utapata moshi wa bluu ukiwa na bahati. Ikiwa oili ni nyingi, pistoni hupanda na kukuta kitu kisichobanika, na hapo fimbo ya pistoni hupinda.

Visima vikishakuwa safi na vikavu, fungua plagi injini ikiwa ya baridi, maana nyuzi za alumini huwa dhaifu zaidi zikiwa moto. Zipange plagi kwa mfuatano wa silinda na uzisome: ile iliyolowa oili kwenye ncha inayotoa cheche, ndani ya silinda, inakuambia kuna tatizo jingine kwenye ringi au kwenye sili za valvu, kwani oili ya kisimani hulowesha plagi kwa nje. Ziba mashimo kwa matambara safi yaliyofungwa kamba ndefu inayoonekana, ili usilisahau hata moja.

Kutoa tapeti kava na kubadilisha sili

Weka alama kwenye soketi za waya za koili, vua mipira ya kupumulia, na ulegeze boliti za kava kidogo kidogo kuanzia za nje kwenda za katikati. Kava lililokaa miaka mingi huganda. Ligonge pembeni kwa nyundo ya mpira, wala usichomeke bisibisi kati yake na silinda hedi, kwa kuwa mkwaruzo mmoja kwenye uso wa alumini hugeuka kuwa njia mpya ya oili ambayo gasketi haitaiziba.

Ligeuze kava, uweke kitambaa chini yake, na kabla ya kung'oa sili yoyote piga picha inayoonyesha mdomo wake umeelekea wapi na imezama kiasi gani. Kwenye baadhi ya injini za Toyota kuna ndimi ndogo za bati la ndani zilizokunjwa juu ya ukingo wa sili. Ziinue polepole kwa bisibisi bila kuzivunja, na ukimaliza uzirudishe. Sili ya zamani hutoka kwa kuichokonoa upande mmoja baada ya mwingine, ukikingia kipande cha mbao chini ya bisibisi ili usichubue tundu lake.

Safisha tundu hadi lisibaki hata ukoko mmoja. Kisha pima unyoofu wa kava: weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wa gasketi na ujaribu kupitisha fila geji, yale mabati membamba ya kupimia nafasi, chini yake. Kava lililokazwa kwa nguvu mara nyingi hupinda, na kava lililopinda haliwezi kukaa sawasawa juu ya mirija yote, hata ukiliwekea sili bora kuliko zote. Lililopinda sana hubadilishwa.

Sili mpya huingizwa kwa soketi kubwa yenye kipenyo kinacholingana na ukingo wake wa nje. Paka oili safi kidogo kwenye ukingo, iweke sawa, na uigonge taratibu huku kava limekaa juu ya mbao, mpaka ifike kina kilekile cha kwenye picha. Ikiingia kwa upande itoe uanze upya. Sili yenye springi ndogo kwenye mdomo wake huwekwa springi ikiwa imeelekea upande wa oili.

Hapa ndipo ninapotofautiana na mazoea ya mafundi wengi wa kwetu, wanaomimina silikoni kuzunguka sili na kuzunguka kava lote kama siagi kwenye mkate. Sili ya mrija haihitaji silikoni hata tone moja. Mdomo wake umetengenezwa ubane mrija kwa ulaini wake, na silikoni huuzuia kufanya kazi hiyo. Ile inayomiminika kwenda ndani huganda, hukatika vipande, na husafiri na oili. Nimewahi kufungua sampu (bakuli la oili la chini) ya injini moja nikakuta chujio la kunyonyea oili limeziba kwa vinyuzi vya silikoni, na kwenye injini yenye VVT-i, mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka, kama hii ya Altezza, yapo pia machujio madogo ya njia za oili yanayozibika upesi zaidi. Mahali pekee panapostahili silikoni ni zile pembe ambapo gasketi hupita juu ya kiungo cha vyuma viwili, kwa mfano pale kepu ya kwanza ya kemshafti inapokutana na silinda hedi, na hapo ni tone dogo tu.

Mrija wenyewe ukivuja chini

Kama uchunguzi ulionyesha ukuta mkavu na dimbwi chini, sili za juu hazitakusaidia. Mrija wa chuma ulioshindiliwa hutolewa hivi. Kwanza pima kwa verniya urefu unaochomoza juu ya silinda hedi na uuandike, kwa kuwa mrija mpya lazima usimame kwa kipimo hichohicho. Ukizidi utaisukuma sili, ukipungua hautaifikia. Ingiza ndani ya mrija kipande cha chuma cha mviringo kinachouenea barabara, ili usibonyee, kisha ushike kwa koleo la kujifunga, uzungushe kushoto na kulia mpaka gundi ya zamani ikatike, na uuvute moja kwa moja juu. Ukigoma, pasha moto alumini inayouzunguka kwa mashine ya hewa ya moto, kamwe si kwa moto wa gesi. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lilelile, hivyo tundu hulegea. Mrija uliotolewa kwa njia hii huwa umejeruhiwa na haurudishwi.

Kwangua gundi iliyobaki kwenye tundu kwa kijiti cha plastiki au cha mbao, safisha kwa dawa ya breki, na uache pakauke kabisa. Zungushia gundi ya kushikilia vyuma, ile inayoganda ikikosa hewa, kwenye sehemu ya mrija mpya itakayoingia ndani, kwa utando mwembamba, kisha uushindilie kwa kugonga juu ya kipande cha mbao hadi ufike kipimo ulichoandika. Futa gundi iliyomwagika ndani ya kisima. Iache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye chupa yake, hata kama mwenye gari amesimama pembeni anatazama saa.

Kwa mwenye Boxster au 911 niliyoitaja, kazi ni nyepesi kwa upande mmoja na ngumu kwa upande mwingine. Ngumu ni kufikia plagi, ambazo ziko ubavuni mwa injini, hivyo gari huinuliwa, huwekwa kwenye stendi imara, na magurudumu ya nyuma hutolewa. Nyepesi ni mrija: ukishatoa koili, unauvuta kwa kifaa kinachotanuka ndani yake, nao hutoka na oringi zake mbili. Weka karai chini, kwa sababu injini imelala na oili itachuruzika. Mirija ya zamani ya plastiki mara nyingi huwa na nyufa nyembamba zisizoonekana mpaka uiweke kwenye jua, kwa hiyo mimi nashauri kubadilisha mirija yote 6 na oringi zote 12 kwa mara moja. Paka oringi oili safi, sukuma mrija bila kuuzungusha kwa nguvu, na uhakikishe umefika mwisho kabla ya kurudisha koili.

Subaru zenye injini ya EJ20 ya kemshafti nne hufuata mtindo wa sili kwenye kava, ila kwa kuwa silinda zimelala, nafasi kati ya kava na fremu ya gari ni finyu. Toa betri upande mmoja na boksi la chujio la hewa upande wa pili kabla hujaanza kupigana na boliti.

Kurudisha

Kagua ncha ya juu ya kila mrija kwa kidole. Ukihisi mkwaruzo au kutu, isugue kwa msasa laini sana na uifute. Paka oili safi kwenye midomo ya sili, weka gasketi mpya kwenye mfereji wake, na uteremshe kava likiwa sawa pande zote, bila kulipindisha. Kosa linaloharibu kazi nzima hutokea katika sekunde hizi: mdomo wa sili hukunjwa ndani na ukingo wa mrija, kava likakaa kama kawaida, na oili ikaanza kupita siku hiyohiyo. Mulika tochi kwenye kila kisima kabla ya kukaza, na mdomo usipoonekana mviringo kamili, inua kava uanze tena.

Kaza boliti kuanzia katikati kwenda nje, kwa mizunguko miwili au mitatu ya kupita kote. Fuata kipimo cha kitabu cha injini yako. Boliti za milimita 6 zinazoingia kwenye alumini kwa kawaida hazihitaji kuzidi takriban nyutoni-mita 10, ambayo ni nguvu ndogo kuliko mkono wa fundi unavyopenda kukaza.

Toa matambara kwenye mashimo ya plagi na uyahesabu. Ingiza plagi kwa vidole ukitumia soketi na ekstensheni bila raketi, ili kama nyuzi zimepishana uhisi mapema. Usipokuwa na spana ya torki, plagi mpya ya nyuzi za milimita 14 yenye washa, ikishagusa kwa mkono, huongezewa nusu hadi theluthi mbili za mzunguko; ile iliyokwishatumika huongezewa kidogo tu, takriban sehemu moja ya 12 ya mzunguko. Usipake grisi kwenye nyuzi za plagi zenye utando wa kiwandani, kwa sababu hupunguza msuguano na kukufanya ukaze kupita kiasi bila kujua. Mguu wa koili uliovimba kwa oili haurudi hali yake hata ukiuosha. Kama mpira wake unauzwa peke yake nunua mpira, kama hauuzwi nunua koili, safari hii ukijua itaishi.

Valvu ya PCV ifungwe sasa. Mpya au ya zamani, ijaribu kwa kupuliza kwa mdomo kupitia mpira safi: hewa ipite kutoka upande wa injini kwenda upande wa manifoldi (njia ya kuingiza hewa), na izuiwe ikitokea upande wa pili.

Kuwasha na kurudi kuangalia

Subiri harufu ya dawa ya breki iishe kabisa na silikoni ya pembeni ikauke, rudisha waya wa betri, futa kodi na uwashe. Injini ikinguruma taratibu bila kukanyagwa mafuta, fungua kifuniko cha kujazia oili na uweke karatasi juu ya tundu: inatakiwa ivutwe kidogo. Ikirushwa juu, shinikizo la ndani bado lipo, na ama mpira wa kupumulia umeziba, ama ringi zimechoka.

Oili chafu na matambara yaliyolowa usivimwage mtaroni. Mitaro mingi ya mjini hushuka kwenye Mto Mirongo, nao Mirongo huingia ziwani palepale tunapopata samaki na maji. Kusanya kwenye kidumu na upeleke kwa wanaonunua oili chafu.

Jaribu gari kwenye mzigo halisi, kwa mfano kwenda Usagara na kurudi, ukiruhusu injini izunguke juu baada ya kupata joto. Kisha liache lipoe na uchomoe koili zote tena, hata ile ambayo haikuwahi kulowa. Rudia hivyo baada ya takriban kilomita 500. Yule kijana wa Altezza alirudi na gari lake kwa ukaguzi huo wa pili. Visima vitatu vilikuwa vikavu, na cha silinda ya 3 kilikuwa na unyevu mwembamba chini, ukuta wake ukiwa safi kabisa. Tukafungua tena, tukabadilisha mrija mmoja.